Anayevuta Abaki Pakavu: Wito kwa Wenye Brekidauni na Sisi Tunaowaita

Masika yakishika, kila msafiri wa barabara zetu amewahi kulishuhudia jambo hili: lori limelala ubavu mtaroni, na hatua chache kutoka hapo limekwama gari lililokuja kulitoa. Matairi ya nyuma yamezama hadi ekseli, mlingoti umeinama, utingo kakaa juu ya jiwe anapangusa tope miguuni. Abiria wa basi lililozuiliwa wanacheka kidogo. Kicheko hakidumu, maana shida iliyokuwa moja sasa ni mbili, njia iliyozibwa nusu imezibwa yote, na brekidauni ya kuitoa brekidauni ipo mji mwingine.

Anayebeba gharama hiyo si mwenye lori peke yake. Yumo mgonjwa aliyekuwa anapelekwa hospitali ya wilaya, mwenye shehena ya nyanya zinazoiva juu ya gari, na mwanafunzi anayewahi mtihani. Barabara moja ikifungwa kwa saa sita, hasara husambaa kwa watu ambao hawakukosea chochote na wala hawajui lori lile ni la nani.

Kwa hiyo ndugu zangu, naandika kuwaomba watu wa makundi mawili. Kundi la kwanza ni madereva wa magari ya kuvuta, hawa tunaowaita watu wa brekidauni. La pili ni sisi wengine wote: wenye magari, madereva wa malori na wakazi wa kando ya barabara, tunaowapigia simu usiku wa manane tukitaka wafike upesi. Wao wanakwama kwa sababu wanaingia pasipostahili kuingiwa. Na mara nyingi wanaingia kwa sababu sisi tumewasukuma.

Kazi hii yenyewe ilizaliwa na mkwamo. Mwaka 1916, huko Chattanooga katika jimbo la Tennessee, Marekani, fundi wa magari Ernest Holmes aliitwa amsaidie rafiki yake ambaye gari lake lilikuwa limetumbukia kijitoni. Walihangaika kwa saa nyingi, kwa kamba, makapi na nguvu za wanaume kadhaa. Baada ya siku hiyo Holmes akaamua kufunga mlingoti na winchi juu ya gari, ili mtu mmoja aweze kufanya kazi ya wengi. Jaribio lake la kwanza halikufaulu. Akarudi gereji, akaongeza miguu ya pembeni ili gari linalovuta lisimame imara. Tangu mwanzo, basi, suala kubwa la kazi hii lilikuwa mahali anaposimama mvutaji. Nguvu ya winchi ilikuwa suala la pili.

Miaka zaidi ya mia imepita na suala ni lilelile. Brekidauni nyingi tunazoziona barabarani ni malori ya zamani yaliyoongezewa mlingoti, winchi na vyuma vya kuongeza uzito. Karibu uzito wote wa vifaa hivyo umekaa nyuma. Gari la namna hiyo likitembea kwenye lami halina tatizo. Likiacha lami, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayotangulia kuzama, na kwa mengi hayo ndiyo pekee yenye nguvu ya injini. Likininginiza gari jingine nyuma, hali huwa mbaya zaidi: nyuma inaelemewa, mbele inakuwa nyepesi, na usukani unapoteza mshiko. Dereva anakata kona, gari linakwenda linakotaka.

Halafu kuna nguvu yenyewe ya kuvuta. Waokoaji wa magari ya kijeshi wana kipimo cha kukadiria ambacho kinafaa kila dereva akijue. Gari likizama kwenye tope hadi usawa wa magurudumu, nguvu ya kulitoa inakaribia uzito wake wote. Likizama hadi kwenye madigadi, ni mara mbili ya uzito huo. Likizama hadi kichwani, ni mara tatu. Kwa hiyo lori la tani 20 lililofika kwenye madigadi linadai mvuto wa tani 40 hivi. Na hilo si lori kubwa: sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu hadi tani 56 kwa gari lenye ekseli za kutosha, pamoja na mzigo wake.

Nguvu hiyo lazima iegemee mahali, na mahali penyewe ni ardhi iliyo chini ya matairi ya anayevuta. Ardhi ikiwa ngumu, gari lililozama linasogea. Ikiwa laini, linalosogea ni lile linalovuta. Ndiyo maana unaweza kuona brekidauni yenye winchi mpya kabisa ikijivuta yenyewe kuelekea mtaroni, dereva akiwa amekanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Mtego wa kwanza ni udongo mweusi wa mbuga, unaosumbua kuliko udongo wote. Wanaujua watu wa Wembere na Usangu, na kwa majirani zetu wa Kenya wanaujua watu wa Mwea na tambarare za Kano. Kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu, mgumu ukadhani ni saruji. Mvua ikinyesha huvimba na kuwa kinamo. Angalia magurudumu pacha ya nyuma yanapoingia humo. Mzunguko wa kwanza, udongo unajaa kwenye meno ya tairi. Mzunguko wa pili au wa tatu, meno hayaonekani tena, tairi ni duara moja laini jeusi. Kisha udongo unajaa katikati ya matairi mawili, unagandamana, unagusa madigadi. Wakati huo dereva anaweza kuwa hajatembea hata urefu wa gari lake, lakini tayari anaendesha juu ya magurudumu ya tope. Akiongeza moto, matairi yanazunguka palepale na kuchimba. Kila sekunde ya kukanyaga mafuta ni jembe moja zaidi la shimo.

Mtego wa pili ni bega la barabara. Baada ya mvua kubwa, bega linaonekana sawa na siku zote, majani yake yamesimama, changarawe imetulia. Chini yake maji yameshalainisha udongo, hasa karibu na makalavati na mahali mtaro ulipofurika. Pale mafuriko yalipopita, hata lami inaweza kubaki juu ikionekana nzima ilhali chini udongo umekwenda na maji. Wasafiri wa kusini hawajasahau Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilipokatika eneo la Somanga na magari yakabaki pande zote mbili. Sehemu kama hiyo, dereva wa gari zito hana sababu ya kuamini macho peke yake.

Mtego wa tatu ni mchanga wa ufukweni. Kutoka Kigamboni hadi Bagamoyo, wapo wanaoshusha magari hadi karibu na maji ili wapige picha. Gari likinasa, brekidauni inaitwa, nayo inanasa, na bahari haina subira. Siku za bamvua, tofauti ya maji kupwa na kujaa kwenye pwani yetu inaweza kukaribia mita 4, na kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa sita tu. Kabla ya kushuka ufukweni, mvutaji aulize maji yamefika wapi: yanakwenda au yanarudi?

Tiba ya yote haya ni moja, na wavuvi wanaijua kwa namna yao. Mtu akizama, mwokoaji mwenye akili hamrukii akakumbatiwa shingoni. Husimama penye mwamba akamrushia kamba. Brekidauni nayo ibaki pakavu, waya ndio uende.

Kwenu basi, ndugu madereva wa brekidauni. Mkifika eneo la tukio, msianze na winchi, anzeni na miguu. Shukeni, tembeeni hadi lilipo gari lililozama, kisha rudini kwa njia ileile ambayo matairi yenu yangepita. Kanyageni kwa kisigino. Chukueni nondo mchome ardhi kila hatua chache. Ikizama kirahisi kwa nguvu ya mikono, gari lenu lisikanyage hapo. Mwulizeni mkazi wa karibu maji husimama wapi na trekta hupita wapi. Dakika kumi za kutembea zina thamani kuliko nguvu zote za injini.

Mkishapata mahali pagumu, simameni hapo hata kama pako mbali. Waya usipofika, ongezeni urefu kwa waya mwingine au mkanda wa kuvutia uliotengenezwa kwa kazi hiyo, wenye uwezo unaojulikana, wala si kamba ya kufungia mizigo. Wekeni vizuizi nyuma na mbele ya magurudumu. Mkishusha miguu ya pembeni, iwekeeni mbao pana chini ili uzito utawanyike. Kama kuna mti mkubwa nyuma yenu, fungeni gari lenu kwenye mti huo kwa mkanda mpana usioumiza gome. Kama hakuna mti, tairi la akiba likifukiwa vizuri kwenye shimo refu linaweza kuwa nanga.

Kabla ya kuvuta, chimbeni. Hili vijana wengi hulidharau kwa sababu halina sifa. Toeni tope mbele ya magurudumu, fungulieni maji yatoke, lazeni mbao au mawe kwenye njia ambayo magurudumu yatapanda. Beleshi mbili na vijana wanne wanaweza kupunguza nguvu inayohitajika kiasi cha kuifanya kazi isiyowezekana iwezekane. Vuteni kwa upande ambao gari liliingilia, kwa kuwa alama zake zimeshafungua njia na mbele hakujulikani. Na mvuto uwe umenyooka na gari lenu. Mkivuta kwa pembeni, winchi haitaleta gari, itawaangusha ninyi.

Tumieni kapi. Waya ukipita kwenye kapi lililofungwa kwenye gari lililozama na kurudi kufungwa kwenye nanga imara, nguvu ya mvuto inakaribia mara mbili, na mwendo unapungua nusu. Kupungua huko ni faida, kwa sababu tope linapenda taratibu. Kumbukeni pia kwamba winchi ina nguvu zaidi waya ukiwa umebaki tabaka la kwanza kwenye ngoma. Kila tabaka linaloongezeka linapunguza nguvu. Kwa hiyo kusimama mbali na kufungua waya mrefu kunawapa faida mbili: ardhi ngumu, na winchi iliyo katika uwezo wake wote. Ila acheni mizunguko ya kutosha kwenye ngoma, waya usije ukachomoka.

Kuna nyakati hakuna njia isipokuwa kuingia. Basi ingieni kwa mpango. Punguzeni upepo wa matairi ili yakae mapana, na mjue mtaujazia wapi baada ya kazi. Difu loki ifungwe kabla ya kuingia, isingoje matairi yaanze kuserereka. Gia iwe ndogo na mwendo uwe mmoja, bila kusimama wala kubadili gia katikati. Matairi yakianza kuzunguka bure, ondoeni mguu kwenye mafuta papo hapo na mrudi kwa alama zenu wenyewe. Kiburi cha nusu dakika ndicho huzamisha ekseli.

Kuhusu waya sina maneno laini. Waya uliokazwa ukikatika unaua. Watu wote wasimame mbali kuliko urefu wa waya uliofunguliwa, wala asiwepo mtu kwenye pembe ambayo waya umekunjwa na kapi. Asiruke mtu juu yake, asiukamate mtu kwa mkono mtupu. Tupeni turubai zito au magunia yenye mchanga juu ya waya, ili ukikatika uanguke chini badala ya kuruka.

Na mwisho kwenu, jifunzeni kusema hapana. Kusema “Leo siingii, tusubiri kukauke” au “Hapa panahitaji trekta” ni ufundi kamili. Trekta lenye magurudumu mapana, au greda, kwenye udongo wa mbuga linaweza kufanya kwa nusu saa kile ambacho brekidauni ya mjini haitafanya kwa siku nzima. Kwenda mbio si kufika.

Sasa tugeuke, tujitazame sisi tunaowaita.

Ombi la kwanza: tuseme ukweli kwenye simu. Tuna tabia ya kumwambia dereva wa brekidauni kwamba ni hapo karibu tu, barabara nzuri, limezama kidogo. Tunaogopa atataja bei kubwa au atakataa kuja. Anakuja amejiandaa kwa kazi ndogo, anakuta kazi kubwa, na kwa kuwa ameshafika anajaribu. Mweleze aina ya gari, mzigo uliomo na uzito wake, limezama hadi wapi, udongo ni mweusi, mwekundu au mchanga, mvua imenyesha lini, kuna daraja la mbao njiani au hapana, na kama atapata mahali pa kugeuzia. Taja kijiji, nguzo ya kilomita au kalavati. Ukipiga picha, usipige lori lako peke yake. Piga pia mahali ambapo yeye atasimama.

Ombi la pili: gari likikwama, tuache kulikanyagia mafuta. Mara nyingi gari linalopigiwa simu limezama hadi kwenye madigadi kwa sababu lilichimbwa kwa nusu saa na mwenyewe. Kwa kipimo kile nilichotaja, nusu saa hiyo imeongeza kazi mara mbili. Na kama mzigo unaweza kupunguzwa, upunguzwe kabla brekidauni haijafika.

Ombi la tatu linahusu malipo, na hapa ndipo penye mzizi. Makubaliano yetu ya kawaida ni kwamba gari likitoka nalipa, lisipotoka silipi. Linaonekana jambo la haki. Lakini fikiria linamfanya nini mtu aliyechoma mafuta kuja kilomita 80. Akikataa kuingia topeni, amepata hasara ya uhakika; akiingia, huenda akapata kitu. Tumempangia mchezo wa kubahatisha, kisha tunashangaa anapobahatisha. Tukubaliane malipo ya kuja na kukagua, na malipo mengine ya kutoa. Mtu aliyelipwa kwa kuangalia ardhi ataiangalia vizuri. Tuache pia kumtia maneno ya “Ingia tu bwana, wenzako wanaingia.” Wenzake wakizama hatutakuwepo kuwatoa.

Ombi la nne ni kwa wanaotanua. Lori likikwama, wenye haraka hupita pembeni, wengine upande wa pili, na kwa muda mfupi mabega yote ya barabara yamekanyagwa yakawa uji. Brekidauni ikifika haina pa kupita wala pa kusimama, inalazimika kushuka palepale palipolainishwa na magari ya watu wasioweza kungoja. Foleni ikae upande mmoja. Kondakta mmoja na dereva mmoja wenye sauti wanaweza kuisimamia hadi askari wa usalama barabarani wafike.

Ombi la tano: tukae mbali. Ajali na mkwamo huvuta watu, wengine kwa wema wa kusukuma, wengine kwa kutamani kilichomwagika. Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Tangu siku hiyo hakuna mtu mzima anayeweza kusema hakujua. Na panapokuwa na maji yanayokwenda kwa kasi, tusimsukume yeyote aingie: maji ya sentimita 30 tu yanatosha kulielesha gari dogo, na ya sentimita 60 huchukua hata pikapu. Ikiwa kuna mtu amenasa ndani ya gari, hiyo si kazi ya winchi ya mtaani. Kwa Tanzania, piga 114 uwapate Zimamoto na Uokoaji, au 112 polisi.

Wenye kampuni na wenye magari ya kuvuta nao wana sehemu yao. Dereva hawezi kusimama pakavu kama hana waya wa kutosha, kapi, mbao, beleshi na mikanda. Vifaa hivyo vyote ni rahisi kuliko ekseli moja iliyokatika. Na viongozi wa vitongoji vilivyo kando ya barabara mbaya wafanye jambo dogo: kila msimu wa mvua wawachague watu wawili wanaojua ardhi ya hapo, wenye simu, ambao mgeni yeyote wa gari zito ataelekezwa kwao. Mkazi anayejua mahali maji hujificha chini ya majani anaweza kuokoa mali ya mamilioni kwa kunyoosha kidole tu.

Mvua zijazo hazitatungoja tujipange. Wewe unayesoma, wiki hii weka beleshi na vipande viwili vya mbao kwenye buti la gari lako, andika namba ya brekidauni unayoiamini, na umpigie dereva wake leo, kukiwa kukavu, mkubaliane bei ya kuja kukagua. Siku ukimwita kweli, mwambie ukweli wa ardhi, na akikwambia hataingia, mshukuru umlipe.